Monitere na Bomba la Nguruwe

Kabla hajatutetea, Monitere alitufukuza. Naanza na hapo kwa sababu siku hizi watu wa mtaa wetu wanamsifu kama mtu aliyekuwa mpole tangu mwanzo, na mimi sipendi uongo huo. Alikuwa anakuja kijitoni asubuhi na fimbo ya mti wa kahawa, suruali imekunjwa hadi magotini, akipiga maji mbele ya mabeseni yetu mpaka tunalowa nguo. Hakumpiga mtu hata mara moja. Lakini maji yale yalikuwa baridi, na maneno yake yalikuwa makali kuliko maji.

"Bamama! Munaweka sumu mu kinywa ya batoto! Shukeni! Shukeni chini ya chemchemi!"

Tulimwita Monitere kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani, mtu wa serikali anayezunguka mashambani kuwaonyesha watu namna ya kupanda na kutibu mifugo, na mahali pa kutupa uchafu wa mashamba. Serikali iliyomtuma iliacha kumlipa, kisha vita vilipokuja ikaacha kuwapo kabisa katika mji wetu wa Bunia, mashariki ya Kongo, lakini yeye aliendelea kuzunguka. Alikuwa na jina lake la karatasi. Sisi hatukulitumia, na hapa pia sitalitumia.

Nieleze kidogo habari ya mihogo, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Sisi tulikimbilia Bunia kutoka upande wa Djugu: mama, mdogo wetu wa kiume, mimi, na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu. Shamba hatukuwa nalo tena. Tulipata mihogo michungu kwa wale waliothubutu bado kulima, tukaimenya, tukailoweka kijitoni siku tatu au nne hadi ilainike, tukatoa kamba ya katikati, tukaianika, tukaitwanga ikawa bunga. Muhogo wa namna hiyo una sumu. Usipolala majini siku za kutosha, unamwumiza mtu anayeula. Maji ndiyo yanayoichukua sumu, na kwa hiyo maji yenyewe yanaharibika. Monitere alijua mambo haya yote mawili, na hakutaka tusahau hata moja.

Kila mwanamke alikuwa na duara lake la mawe ndani ya kijito. Mihogo inakaa katikati, na juu ya jiwe moja unafunga kipande cha kikwembe chako, kitenge unachojifunga, ili wengine wajue. Hakuna aliyegusa duara la mwingine. Hata wakati ambapo watu waliibiana milango na mabati ya nyumba, mihogo ililala majini siku nne bila mlinzi. Duara la Yaya lilikuwa kubwa kuliko yote, na kitambaa chake kilikuwa chekundu. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa juu kidogo ya chemchemi ambapo mtaa mzima ulichota maji ya kunywa. Mvua ikinyesha, maji ya kijito yaliingia chemchemini pamoja na uchungu wake.

Kwa hiyo Monitere na Yaya waligombana karibu kila wiki.

"Papa Monitere," Yaya alimwambia, mikono kiunoni, "haya maji ni ya serikali ao ni ya bibi yako?"

"Ni ya batoto."

"Na batoto bakule nini? Fimbo yako?"

"Weye hauna batoto."

"Niko na huyu hapa. Anakula sawa batoto batatu." Akaninyoshea kidole. Wanawake wakacheka, nami nikaficha uso ndani ya kikwembe. Monitere akageuka haraka, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka na hakutaka Yaya ajue.

Hakula muhogo, huyo mtu. Alisema unanuka. Alikula bugari ya mahindi tu, na mahindi yakikosa aliona heri alale njaa kuliko kula chakula ambacho alikuwa amewafundisha watu kukitengeneza kwa miaka yote hiyo. Baiskeli yake aliitukana kama mtu anavyomtukana shemeji mvivu. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, upande wa pili uzi mweusi uliozungushwa sikioni. Ukimpa karatasi, hata karatasi ya dawa, aliisoma kuanzia juu hadi mstari wa mwisho, kisha akaigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma. "Soma mpaka chini," alizoea kusema. "Wanaandikaka uongo yao chini."

Alisema kweli.

Miaka ile, wenye bunduki nyingi zaidi ndio waliokuwa serikali ya Bunia, na kila kundi lililoingia lilitafuta kwanza nyumba nzuri, halafu mhuri. Moja ya serikali hizo ilibandika karatasi ukutani sokoni. Ilikuwa amri, ile tunayoita arrêté. Ilisema kwamba, kwa ajili ya afya ya watu, ni marufuku kuloweka mihogo, kuosha mboga za shamba na kutupa mabaki ya mavuno katika maji yote ya mji. Atakayekamatwa atanyang'anywa vitu vyake.

Wanawake waliona mkono wa Monitere katika jambo hilo. Nani mwingine aliyekuwa anaimba wimbo huo kila asubuhi? Alipofika sokoni na baiskeli yake, Yaya alimzuia njia.

"Umefurahi sasa, muzee? Bamekusikia."

 Monitere alifunga uzi sikioni, akasoma. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Kisha akafika chini na kichwa kikasimama. Akasoma tena kwa sauti ili hata mimi niliyekuwa nyuma nisikie: "Article ya tatu. Mifugo iliyopewa ruhusa na utawala haihusiki na amri hii."

Mifugo yenye ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mlimani, juu ya kijito chetu, mfanyabiashara mmoja, rafiki wa wakubwa wale, alikuwa na zizi kubwa la nguruwe. Kutoka zizini lilishuka bomba, na kutoka bombani kilishuka kitu cheusi mchana kutwa, kikaingia majini juu ya chemchemi, juu ya Yaya, juu yetu sote. Wakubwa walikula nyama ya nguruwe hao. Sisi tulikunywa yaliyobaki.

"Hii haiko sheria ya maji," Monitere alisema. "Hii ni sheria ya nguruwe." Akamtazama Yaya. "Inaona beseni yako. Bomba haiioni."

Siku hiyo ndiyo alianza kututetea, na wengi hawakumwelewa, kwa sababu hakuacha kutufukuza. Asubuhi alituambia tushuke chini ya chemchemi, mchana alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta majina ya watakaoishitaki amri. Mama alimwuliza kama ana vichwa viwili. Alisema anacho kimoja, na ndani yake mna maji safi tu, ayatafute kwa fimbo au kwa karatasi.

Lakini jambo lililowashangaza watu zaidi ni nguruwe. Walipougua, mwenye zizi alimwita Monitere, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyejua wanyama, na Monitere alipanda mlima na mfuko wake akawatibu. Wanawake walikasirika. Yaya alimwita mtumishi wa nguruwe mbele ya watu. Yeye alisema, "Nguruwe hajasaini kitu," akaendelea kusukuma baiskeli.

Alitueleza njia ya sheria kama alivyokuwa akitueleza kupanda maharagwe. Kwanza unamwandikia yule yule aliyetoa amri, unamwomba aiondoe. Unangoja miezi mitatu. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukataa, na hapo unaweza kwenda mbele ya mahakimu. Lakini ni lazima uonyeshe kwamba barua ilipokewa. Kwa hiyo unapeleka karatasi mbili, moja wanaiweka, nyingine wanaipiga mhuri na kukurudishia. Huo mhuri ndio accusé. Bila accusé hujaandika kitu.

Siku ya kuandika majina alikuja kwetu. Alisema jina la kwanza liwe la "ule mwenye kunitukana, maana hataogopa." Yaya aliandika jina lake mwenyewe. Mama aliweka kidole. Kalamu ilipofika kwangu nilirudi nyuma ya mlango. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, kuandika nilijua, lakini kuona jina langu kwenye karatasi inayokwenda kwa wenye bunduki kuliniogopesha. Monitere hakunilazimisha. "Mutoto wa kunyamaza," alisema, akampa jirani kalamu.

Walikwenda wanawake sita pamoja naye kwenye ofisi. Mimi niliwafuata kwa mbali nikakaa kizingitini. Karani alimcheka.

"Muzee, batu banakufa mu mji, na weye unaleta barua ya mihogo?"

"Banakufa, ndiyo. Leta accusé."

"Mukubwa hayuko."

"Mhuri iko. Ninaiona pale."

"Utakamatwa, muzee."

"Sawa. Unikamate, halafu upige mhuri."

Alikaa kwenye benchi hadi jua likavuka juu ya paa. Mwishowe karani alipiga mhuri kwa nguvu hadi meza ikalia, ili tu aende kula. Monitere aliikausha karatasi kwa kuipulizia, akaitia ndani ya plastiki, plastiki ndani ya kofia, na kofia kichwani.

Kisha tulingoja, huku askari wawili wa amri ile wakinyang'anya mabeseni kijitoni. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, mizinga ikalia, serikali ile ikakimbia, ikaingia nyingine. Monitere alikwenda na accusé yake. Karani mpya alimwambia kwamba barua ile haiwahusu, iliandikwa kwa waliokimbia, aandike upya na angoje upya.

"Na amri?" Monitere aliuliza.

"Amri iko."

Sijasahau jibu hilo. Barua yetu ilikimbia pamoja na serikali, lakini amri ilibaki ukutani, na kijitoni wakawapo askari wawili tena. Walikuwa wapya, na bunduki zao zilikuwa za upande mwingine, lakini walichukua mabeseni yetu vilevile na mihogo ndani yake, wakayatupa mawe yetu huku na huku kwa buti, huku kitu cheusi cha mlimani kikipita katikati ya miguu yao. Niliona askari mmoja akiziba pua. Aliziba pua, na kwa mkono mwingine akamnyang'anya mama beseni. Monitere aliandika upya, akapata mhuri wa pili. Serikali hiyo nayo ikakimbia kabla ya miezi mitatu. Akaandika mara ya tatu.

Sisi wakati huo tulikuwa tunaloweka mihogo nyumbani, usiku mmoja tu, kwa sababu beseni lililobaki lilikuwa dogo na njaa haikungoja siku nne. Mdogo wetu alianza kutapika na kushika kichwa. Monitere alikuja, akanusa bunga letu, akalimwaga kwenye sahani na kulisukuma kando.

"Muhogo ya siku moja haiko chakula, Mama. Unajua."

"Ninajua," mama alisema. "Basi utuonyeshe maji."

Monitere alitazama mlangoni, upande wa kijito. 

Yaya ndiye aliyejibu. Alisema atakwenda Shari. Mto Shari uko nje ya mji, kupita kizuizi cha mwisho, na vichaka vya upande ule vilikuwa na watu wenye silaha ambao hatukujua ni wa nani. Monitere alimkataza. Yaya alimwuliza kama Shari nayo ni ya bibi yake. Alikwenda na wanawake wengine watatu, wakaloweka, wakarudi salama. Baada ya siku nne walikwenda kuitoa mihogo. Walirudi watatu, wanakimbia, bila viatu. Kesho yake wanaume wa mtaa walikwenda wakamleta Yaya, na beseni lake.

Aliyempiga risasi simjui, na sitamtaja mtu nisiyemjua. Lakini najua nani alimtoa kijitoni kwetu na kumpeleka Shari. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa sokoni, yenye mistari mitatu na mhuri, iliyowekwa ili nguruwe wa mtu mmoja wasisumbuliwe. Kila mtu aliyeikuta ukutani akaiacha pale alimpeleka Yaya Shari tena.

Wakati wa matanga Monitere alikaa nje kwenye jiwe siku tatu.  Siku ya tatu alimwita mama pembeni, na mimi nilikuwa karibu nikikwangua sufuria.

"Mama, miye nilimuomba ashuke hatua kumi na mbili," alisema. "Nilipima. Kutoka kwa mawe yake kufika chini ya chemchemi, ni hatua kumi na mbili. Sikumuomba kitu ingine." Kisha akainama akashika magoti yake, na mama, ambaye ndiye aliyefiwa, ikambidi amshike mabega.

Hakuacha kesi. Nilidhani ataacha. Safari ya tatu serikali haikukimbia mapema, miezi mitatu ikatimia kimya, lakini mahakimu ndio walikuwa wamekimbia. Aliwangoja. Waliporudi, mji ukiwa na askari wa kigeni barabarani na utulivu kidogo, alikuwa wa kwanza mlangoni na kofia yake, na ndani ya kofia accusé tatu.

Siku ya kusikilizwa tulijaa kwenye mabenchi. Mama alikuwa mgonjwa, nilikwenda peke yangu. Hakimu aliita jina la kwanza la walioshitaki, na lilikuwa jina la Yaya. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, akauliza kama yupo ndugu yake wa kusema badala yake. Nilikuwa hapo, benchi la tatu. Sikusimama. Monitere aligeuka akanitazama. Angeweza kuninyoshea kidole. Hakufanya hivyo.

"Amekufa, Bwana Hakimu," alisema. "Sababu ya ile article ya tatu, ya nguruwe."

Wakatuambia turudi siku nyingine kusikia uamuzi. Tulirudi. Hakimu alisoma kwa Kifaransa, kisha akaeleza kwa Kiswahili, bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia. Alisema wale waliosaini amri hawakuwa serikali mbele ya sheria. Kwa hiyo walichosaini si amri. Mahakama haiwezi kufuta kitu ambacho hakikuwapo.

 Monitere alisimama.

"Haikukuwapo?"

"Mbele ya sheria, muzee, haikukuwapo."

"Basi mabeseni yetu ilichukuliwa na nani? Na upepo?"

"Muzee, kesi imekwisha. Mumeshinda, mukitaka kuiona vile. Hakuna amri."

"Na yule wa Shari? Naye hakukuwapo?"

Hakimu alikusanya karatasi zake. Monitere akafunga uzi wa miwani sikioni na kunyoosha mkono. "Basi munipe hiyo maneno yote na mhuri juu," alisema. Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kuna hasira ndani yangu isiyolala, na sitaki ilale. Walitupiga kwa kitu, kisha wakatuambia kitu hicho hakikuwapo, na walitaka tuwashukuru.

Nilimwona mara ya mwisho muda mrefu baadaye, kijitoni. Wanawake walikuwa wamerudisha mawe yao. Mahali pa Yaya palibaki wazi, mpaka asubuhi hiyo nilipokusanya mawe yake yaliyotawanywa, nikajenga duara palepale, nikaweka mihogo yangu. Kitambaa chekundu nilikuwa nacho. Maji yalinuka vilevile. Mlimani zizi lilikuwa na ua mpya, na kwenye ua kibao kilichoandikwa kwamba mifugo hii ina ruhusa. Safari hii ruhusa ilikuwa ya serikali yenyewe.

Monitere alikuja polepole. Fimbo ya kahawa haikupiga maji tena, sasa ilimsaidia kutembea. Alikaa ukingoni akavua kofia, akatoa plastiki, na ndani yake karatasi mbili mpya.

"Hii serikali iko," alisema, bila salamu. "Bamesaini, bameweka jina na mhuri. Hawa hawataweza kusema hawakukuwapo."

Aliweka karatasi juu ya goti. Mstari wa kwanza, mahali pa jina la mshitaki, ulikuwa mtupu. Hakuniomba kitu. Alitazama maji.

Niliosha mikono, nikaikausha kwenye kikwembe, nikachukua kalamu. Niliandika jina langu lote, na la baba, na la mtaa. Ilichukua muda. Niliandika pia kwenye karatasi ya pili, ile ya accusé.

"Unaandika polepole," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Ni muzuri. Itasomeka mpaka chini." Alizirudisha karatasi kofiani. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea duara langu. "Sasa toka hapo. Uko juu ya chemchemi."

Nilisimama, mikono kiunoni. Sikujua kama nitaweza, lakini nilisikia sauti yangu inatoka. "Papa Monitere, haya maji ni ya serikali ao ni ya bibi yako?"

Aligeuza uso haraka, mabega yakatikisika. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na sikuweza kujua kama bado anacheka. Kisha alikunja suruali, akaingia majini, akasimama chini ya chemchemi na mikono mbele. Nilimpelekea mawe ya Yaya moja moja, hatua kumi na mbili kila safari, na yeye aliyapokea na kuyapanga. Tulipomaliza tulinuka nguruwe sote wawili. Akaniuliza kama najua ofisi inafunguliwa saa ngapi.